Mjadala: Kanuni za biashara zikae kwenye jedwali la DMN au kwenye msimbo?

Kipimo:
Naleta hoja. Kanuni za punguzo, vikomo vya mkopo, nani akubaliwe na nani akataliwe: zikae kwenye zana za michoro mikononi mwa watu wa biashara, au zibaki kwa waprogramu? Mimi nasema jedwali la DMN, kiwango cha kuandika maamuzi kwa michoro na majedwali, ila badiliko lolote lisipande kabla majaribio yake hayajapita. Na tuachane na F, mojawapo ya herufi zinazoiambia injini mstari upi wa jedwali utumike. Anayeweka F kwenye kona ya jedwali amekwepa kazi ya kufikiri.

Mzee_wa_Msimbo:
DMN yenyewe ya juzi, 2012 kama sikosei. Shida yangu ni faili. Ndani ni XML, maandishi ya kompyuta. Mtu akisogeza kisanduku kimoja kwenye mchoro, x na y za mahali pake zinabadilika, Git inayotunza matoleo ya faili inaonyesha mistari kibao imeguswa na hakuna kanuni iliyobadilika. Mkaguzi anachoka, anapitisha. Siku kanuni yenyewe ikiguswa katikati ya kelele hizo, nayo inapita.

Safu_Wima:
Mimi nimekwama kwenye "amekwepa kazi ya kufikiri". Ndugu Kipimo, F maana yake mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, na kanuni nyingi za kazi ndivyo zilivyo: vizuizi kwanza, mwisho "wengine wote". Chukua vizuizi 9, kila kimoja na safu yake. Chini ya F unajaza seli 9, zilizobaki ni "-", yaani chochote kinakubalika. Chini ya U, ambayo hairuhusu mistari miwili ilingane, kila mstari lazima ukanushe vizuizi vilivyoutangulia: seli 54. Huyo mtu wa biashara unayemtetea ndiye atakuwa wa kwanza kulikimbia jedwali hilo.

Kipimo:
Kiwango chenyewe kinasema F si desturi nzuri kwa sababu haitoi picha wazi ya mantiki. Sikubuni. Chini ya U mistari ikipandana ni kosa, na zana inaliona: uchambuzi wa KIE ya Drools, injini ya kanuni, unataja mapengo na mipandano hata kabla hujaendesha jaribio. Chini ya F kupandana ni halali, basi zana itajuaje upi umekusudiwa na upi umeponyoka? Mtu akiingiza mstari mpya juu badala ya chini, amebadilisha maana ya mistari yote inayofuata bila kuigusa hata mmoja.
Vizuizi vikiwa vingi tumia P. Panga matokeo kwa uzito: KATAA, KAGUA, KUBALI. Zito zaidi ndilo linatoka, mistari ikae inavyotaka.

Chonjo:
Mkuu, injini ya Camunda haina P. Ina U, A, F, R na C. Unamnyang'anya mtu F halafu unampa herufi ambayo injini yake haiijui.

Safu_Wima:
Asante Chonjo. Na bado nasubiri lile neno lifutwe.

Bi_Mantiki:
Mnagombania herufi na hakuna aliyetaja mipaka. Jedwali la thamani ya oda lenye [1..999] na [1000..4999] linaonekana kamili. Ikija oda ya 999.50 hakuna mstari unaolingana, tokeo ni null, yaani tupu. Andika [1..1000) na [1000..5000), ambapo ")" inauacha mpaka nje. Kila mpaka unataka majaribio matatu: 999.99, 1000, 1000.01. Kisha jaribio la ingizo tupu, ambalo wengi hulisahau. null haiwi kweli kwa `< 1000`, wala haiwi kweli kwa `>= 1000`. Inalingana na "-", au na mstari unaopima null yenyewe. Sasa kaka Safu_Wima, ule mstari wako wa "wengine wote" ni "-" kila mahali. Mteja ambaye taarifa zake hazikujazwa atadondokea humo na kupewa KUBALI, bila kosa lolote kuonekana.

Safu_Wima:
Dada, hilo ni kosa la aliyeandika KUBALI pale, F haihusiki. P ya Kipimo ikiwa na mstari wa "-" inaingia shimo lilelile. Mstari wa kwanza upime `null` na utoe KAGUA, basi.

Mzee_wa_Msimbo:
Kwenye Java null hiyo ingelipuka na tungeijua siku hiyohiyo.

Kipimo:
Mzee, si 2012. OMG, wenye kiwango hiki, walichapisha DMN 1.0 mwaka 2015. Na tangu 1.2, nafasi za visanduku zinakaa sehemu yake, DMNDI. Iondoe kwa skripti kabla ya kulinganisha matoleo, zitabaki kanuni tu. Halafu Java yako, kwa `double`, aina yake ya kawaida ya namba za desimali, 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. FEEL, lugha ya fomula ya DMN, inahesabu kwa desimali ya tarakimu 34, unapata 0.3.

Mzee_wa_Msimbo:
BigDecimal ya Java, inayohesabu desimali kwa usahihi, ipo, na hakuna mtu makini anayehesabu fedha kwa `double`. Umegusa namba, haya: `decimal(2.5, 0)` ya FEEL inatoa 2, kwa sababu nusu inakwenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Mtu wa biashara anayetarajia 3 ataambiwa na nani?

Bi_Mantiki:
Na jaribio, endapo yeye mwenyewe ameandika 3 kwenye safu ya tokeo linalotarajiwa kabla injini haijaendeshwa. Tokeo hilo likinakiliwa kutoka kwa injini, jaribio linapita daima na halijapima kitu. Kwangu swali ni hilo, nani anaijaza safu hiyo. Jedwali au msimbo linakuja baadaye.

Kipimo:
Nakuunga mkono. Ila Safu_Wima, zile seli 54 zimenikera. Weka A, inayoruhusu mistari kupandana mradi tokeo ni moja. Mistari 9 ya KATAA, kila mmoja seli moja, na mstari wa KUBALI wenye `false` (si kweli) kwenye safu zote 9. Jumla 18. Ingizo tupu haliwezi kupata KUBALI, na Camunda inaijua A.

Safu_Wima:
Na vitatu kati ya hivyo tisa vikitoa KAGUA? Mteja akiguswa na cha KATAA na cha KAGUA kwa pamoja, A yako inavunjika. Hesabu tena.