Nikienda ABH (ofisi ya wageni hapa Ujerumani) na jirani, wataturuhusu kuingia wote?

Bint Pangani:
Wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba msaada wenu. eAT yangu (kadi ya kibali cha kuishi) inaisha mwezi ujao, maombi ya kuongeza muda nilituma tangu kiangazi na kila kitu, barua ya mwajiri, slipu za mshahara, bima, mkataba wa nyumba, ABH kimya. Simu hawapokei, Termin (miadi) mtandaoni hakuna. Wiki iliyopita ndio imekuja barua, Kijerumani kile cha ofisini ambacho B2 yangu (ngazi ya lugha) ya wodini haifiki hata nusu, nikaiweka mezani nikawa naizunguka tu.

Sasa Jumapili nilikuwa ofu, natwanga tangawizi na kitunguu saumu, pilau iko jikoni, mara kengele ya mlango. Nafungua ni bibi wa ghorofa ya chini, tangu nihamie yeye na mimi ni salamu za kwenye ngazi basi. Akanieleza kwa upole kwamba kinu kinasikika mpaka kwake na leo ni siku ya Ruhe (utulivu), lakini hakuondoka, akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nikamtajia iliki, mdalasini, bizari nzima, nikamkaribisha ndani. Alikula akamaliza, akashuka kwake akarudi na keki ya tufaha, tukakaa na kahawa kuanzia saa tisa mpaka giza likaingia. Jengo zima hakuna hata redio. Ndugu zangu, ukimya wa Jumapili za huku ulikuwa unanila, lakini siku hiyo ulinifaa, maana nilimsikia kila neno na yeye akanisubiri nitafute maneno. Mumewe alishafariki, watoto wako miji ya mbali. Akaiona ile barua, akavaa miwani, akanisomea mstari kwa mstari: niende ABH na pasi na mkataba wa kazi, saa na tarehe wameandika. Akasema atanisindikiza.

Swali: wataturuhusu kuingia wote wawili? Si ndugu yangu wala si mwanasheria. Na wakinipa Fiktion (karatasi ya muda ya kungojea kadi mpya), naweza kwenda nyumbani Desemba? Mdogo wangu anaolewa.

Kaka wa Kaskazini:
Dada, USISAFIRI na Fiktion. Shemeji yangu alienda nayo msibani, kurudi kaunta ya uwanja wa ndege wakaigeuza-geuza ile karatasi, wanasema hii si viza. Ndege ikamwacha. Subiri kadi.

Mama Watatu:
Kaka unamtisha bure. Fiktion si moja. Angalia kisanduku kilichotiwa alama, kama ni § 81 Abs. 4 (Absatz, yaani fungu la 4, la sheria ya ukaazi) kibali chako cha zamani kinahesabika kinaendelea, unafanya kazi, unatoka na unarudi. Kama ni Abs. 3, ndiyo hiyo ya kubaki nayo hapahapa, ukitoka huwezi kurudi nayo bila viza. Shemeji yako alikuwa na ipi? Ukisafiri beba Fiktion, kadi iliyoisha na pasi, vyote pamoja. Na la muhimu, maombi yawe yamefika kwao KABLA kadi haijaisha. Bint Pangani una ushahidi ulituma lini? Einschreiben (barua ya rejista)? Imeili yenye jibu la mashine?

Kaka wa Kaskazini:
Sijui alikuwa na ipi, najua aliachwa. Mtu wa kaunta hasomi Absatz.

Mzee wa Kassel:
Marahaba binti. Huyo bibi usimwache. Mimi miaka yangu ya kwanza kiwandani Jumapili nilikuwa napanda treni kwenda stesheni kuu, sina safari, nikaone watu tu, na maduka ya stesheni ndiyo yanayofunguliwa. Hapa Jumapili imo ndani ya katiba, kifungu cha 140 kimeichukua kutoka katiba ya Weimar ya 1919, kwamba ni siku ya kupumzika kazi na kuinua roho. Kwa hiyo jirani akikwambia habari ya kelele usiichukulie kama chuki. Weka taulo lililokunjwa chini ya kinu, sauti haishuki.

Wa Nyali:
Mzee ni kweli, lakini pia kuna majirani wanaandika barua kwa mwenye nyumba bila kubisha hodi. Mimi niliandikiwa sababu ya chupa, nimezipeleka kwa kontena ya glasi Jumapili asubuhi. Hakuna aliyenisalimia hata siku moja, lakini barua walijua kuandika. Huyo wako alipanda ngazi mwenyewe, huyo ni mtu.

Mama Watatu:
Chupa Jumapili hairuhusiwi, imeandikwa kwenye kontena lenyewe.

Wa Nyali:
Sijasema inaruhusiwa, mama.

Msomi wa Sheria:
Turudi kwenye swali. Huyo jirani anaitwa Beistand (msindikizaji), § 14 Abs. 4 VwVfG (sheria ya taratibu za ofisi za serikali), una haki ya kwenda na mtu kwenye mazungumzo na ofisi. Si lazima awe wakili.

Kaka wa Kaskazini:
Lazima awe na Vollmacht (hati ya uwakilishi) iliyosainiwa.

Msomi wa Sheria:
Hapana. Vollmacht ni akienda badala yako. Mkiwa wote wawili inatosha useme huyu ni Beistand wangu, na abebe Ausweis (kitambulisho). Halafu wakikaa kimya zaidi ya miezi 3 bila sababu ya maana kuna Untätigkeitsklage (kesi dhidi ya ofisi isiyoshughulikia ombi) mahakama ya utawala, watu wanaiogopa bure.

Mama Watatu:
Mtoto wa watu anatafuta kibali wewe unamwambia ashitaki serikali.

Dada wa Ilala:
Mimi imenigusa ya pilau. Nyumbani Jumapili hupigi simu kusema nakuja, unasikia tu hodi, shangazi kaingia na watoto wake, kwaya kule inapaza sauti, jirani anaomba chumvi. Na haya mambo ya ABH yangeisha kama serikali yetu ingeturuhusu uraia pacha. Ujerumani tangu 27 Juni 2024 hawakulazimishi kuacha wa kwako, ukishakaa miaka 5 na masharti mengine umetimiza unaomba. Sisi ukichukua wa huku wa Tanzania unakwisha. Nimezaliwa Ilala nikaombe viza kwenda Ilala?

Wa Nyali:
Poleni. Sisi Wakenya tunao tangu katiba ya 2010.

Mzee wa Kassel:
Tumeliongea hili tangu vijana wangu wako shule ya msingi. Serikali yetu wanatuita wawekezaji, uraia hawataki kuugusa. Hiyo hadhi maalum ya watu wa diaspora si uraia.

Kaka wa Kaskazini:
Tukipewa pacha nani atabaki kule kujenga nchi?

Dada wa Ilala:
Kaka, hela ya ada ya watoto wa ndugu zako inatoka wapi kama si hukuhuku?

Bint Pangani:
Asanteni wote, nimemwambia bibi neno Beistand amelifurahia sana, kaliandika kwenye kalenda yake. Ushahidi wa kutuma ninao, jibu la mashine. Jumapili hii kaniomba nimfundishe chapati. Ila bado Desemba sijaelewa, nikate tiketi au nisikate?

Wa Nyali:
Chapati tumia unga wa ngano namba 550, ile 405 inakatika. Halafu kuna mtu anatoka Mombasa kabla ya Krismasi? Nahitaji mbuzi ya kukunia nazi, ya mbao, ile ya kukalia.