Gitaa la wailesi linakatakata sauti Ngome Kongwe

Mpiga_Ngambo: Asalaam aleikum waungwana. Wailesi ya gitaa (kifaa cha kupeleka sauti bila waya) ya 2.4 GHz, mazoezini safi kabisa. Watu wakijaa Ngome Kongwe hapa Unguja, sauti inakatika kila nikigeuka. Betri imejaa. Tatizo nini?

Fundi_Sauti: Waalaikum salaam. Masafa hayo ndiyo ya Wi-Fi na Bluetooth, na simu zote uwanjani zimo humo. Tena mwili wa mtu una maji mengi, hunyonya mawimbi hayo. Ukigeuka unajiweka kati ya transmita (kirushio kwenye gitaa) na risiva (kipokezi). Risiva isikae sakafuni wala nyuma ya amplifaya. Ipandishe juu ya vichwa, mita 3 hadi 5 kutoka ulipo, zionane. Wi-Fi ya jukwaani ihamishieni 5 GHz. Na chaneli chagua watu wakishafika, si saa kumi uwanja mtupu!

Besi_Malindi: Ukisikia mlio mwembamba badala ya kukatika, hilo jengine: pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za betri hazipatani na baadhi ya transmita za kuchomeka moja kwa moja. Tia kiwaya kifupi kati yao, zitengane. Jeki nazo zifute kwa spiriti, chumvi ya bahari hii haina simile.

Fundi_Sauti: Na waya wa gitaa wa mita 6 uwe tayari pembeni, wailesi ikigoma.