Kesi ya mtoto: kwa wazee au kortini?

Mkunguni Kale: Jana barazani tumebishana hadi adhana ya isha. Mtoto amechezewa na jirani, wazee wamekaa, baba amelipwa, basi imekwisha? Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Baba anasamehe kwa niaba ya nani?

Baharia: Maisha ya kwenye karatasi hayo. Halafu si korti ilisema hakimu anaweza kupunguza?

Nana wa Shela: Wazee gani lakini? Hawa wanaokula pilau ya mbuzi wa fidia, kisha alfajiri wako safu ya kwanza?

Mzee wa Langoni: Bi mdogo, nimeamua mambo ya mtaa tangu hujazaliwa na sijaonja mbuzi wa mtu. Taja jina au uombe radhi.

Nana wa Shela: Shikamoo mzee. Sikutaja mtu.

Chuki ya Mbu: Asiyekula mbona anajifuta mdomo?

Mzee wa Langoni: Wewe kijana, babako alikuja kwangu na kesi ya kiwanja. Muulize kama nilimla hata tende.

Mpate: Mna bahati nyinyi wa mjini, mnapata mbuzi. Kwetu ni mchele na soda, na wazee ni saba.

Chuki ya Mbu: Soda baridi au ya moto?

Mwanasheria Mtarajiwa: Jamani. Kesi hii si ya baba, ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Baba akitia saini mara kumi, mwenye kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na Baharia, aliyepunguza ni Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Upeo ikabatilisha Julai 2024: ikisemwa miaka 20, ni 20.

Baharia: Ndiyo maana watu hukimbilia kwa wazee! Nani atampeleka mpwawe akafungwe miaka 20?

Nana wa Shela: Mpwa? Mbona humsemi mtoto? Wa miaka 14 ataozwa huyohuyo ili "aibu ifunikwe", na Sheria ya Ndoa ya 2014 imesema 18.

Mzee wa Langoni: Mimi sijaozesha mtoto. Bado nangoja radhi ya ule mbuzi.

Mama Faza: Niwaambie nilichokiona. Mama mmoja alishuka gati la Amu (Lamu) na fomu ya P3, ile ya polisi anayojaza daktari, ndani ya mfuko wa nailoni. Bahari ilikuwa chafu, maji ya chumvi yakaingia, muhuri wa daktari ukachujuka ukawa doa la samawati. Binti kamshika buibui hamwachi. Kortini wakaambiwa shahidi hakufika, warudi siku nyingine. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara ya tatu hiyo. Siku ya nne akaja shemeji yake na wazee. Yule mama hakupenda maslaha, hiyo suluhu ya wazee. Alichoka.

Mpate: Hapo sasa.

Mzee wa Langoni: Ni nani hao wazee?

Mama Faza: Mzee, kesi imerudishwa Jumanne, na safari hii amekubali kwenda. Kuna mashua inayotoka Faza alfajiri yenye turubai?

Baharia: Yangu. Awe ufukoni kabla maji hayajapwa. Nauli asilete.