Kifurushi cha mpwa wangu kimekwama Dar, mpokeaji hana NIDA

Mjomba, Leicester
Jumatatu, saa 4:12 usiku

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za mihangaiko.

Mwezi wa sita nilimtumia mpwa wangu darubini. Yuko kidato cha pili, shule ya kata nje kidogo ya Tukuyu, anakaa na mama yangu. Kifurushi kiliingia Dar wiki ya pili ya mwezi wa saba, namba ya kufuatilia ikaandika kimepokelewa, halafu kimya. Juzi ndiyo Bibi akapigiwa simu. Wanataka TIN, namba ya mlipakodi, ya mpokeaji. Sasa kwenye boksi niliandika jina la mtoto, nilitaka alione jina lake limeandikwa kwa kompyuta. Mtoto ana miaka 15. TIN bila NIDA, kitambulisho cha taifa, hupati, NIDA kabla ya miaka 18 hupati. Bibi NIDA anayo, ila boksi si lake.

Hilo moja. Yule kijana aliyepiga simu akamuuliza Bibi hiyo darubini inafungwa kwenye bunduki? Mama yangu hajawahi kuona darubini maishani mwake. Akajibu, "Sijui mwanangu, labda." LABDA! Sasa wanataka na barua ya maelezo.

Swali langu ni moja tu: naweza kubadilisha jina la mpokeaji nikiwa huku huku, au lazima kirudi Uingereza nianze upya? Gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku.

Mjue nahangaikia nini, nabandika ujumbe wake alionitumia kwa simu ya Bibi, sijagusa hata nukta:

"Shikamoo Mjomba. Hatujambo, mahindi tumeshavuna. Daftari la anga nimefika ukurasa wa 41. Jana mawingu yalifunguka saa tatu mpaka saa nne kasoro. Ile nyota kubwa ya alfajiri mwalimu kasema ni Zuhura na siyo nyota, sasa mbona haimetimeti kama wenzake? Halafu tulienda Kimondo na shule. Kama kilianguka kutoka juu mbona hakuna shimo? Mimi nimedondosha jiwe la kilo mbili kwenye tope likachimba. Halafu asubuhi ya baridi tarumbeta yangu inashuka sauti, mwalimu wa bendi ananigombeza, jua likitoka inapanda yenyewe na mimi sijagusa kitu. Tuliwafunga kidato cha tatu, nilikaa golini, nimedaka penati mbili. Darubini imefika wapi? Bibi anakusalimia."

---

Mama Atu, Reading

Pole kaka. Ulijaza fomu gani ya forodha, CN22 au CN23?

---

Mnyalukolo, Hamburg

Kamwene wote. Mjomba, kosa umelifanya mwanzoni kabisa. Huwezi kumwandikia mzigo mtoto. Mimi mwaka juzi nilimtumia mdogo wangu wa Kalenga kompyuta mpakato nikaandika "zawadi" kwa herufi kubwa pande zote nne za boksi. Wakaniomba ankara ya dukani. Ankara ilikuwa ya Kijerumani, wakataka iliyotafsiriwa. Nikaitafsiri mwenyewe, wakataka mhuri. Nikaenda kwa fundi mihuri... tuishie hapo. Iliingia Iringa mwezi wa tatu ikiwa na chaja ya kompyuta nyingine.

Cha kukushauri: mara nyingine mpe mtu anayesafiri. Basi.

---

Mama Atu, Reading

Mnyalukolo, kuandika "zawadi" hakufuti ushuru, tumeshalisema hili humu mara ngapi? Na anayesafiri akikataa utamlazimisha? Darubini ina miguu mitatu ya chuma, ni boksi la mita nzima.

Mimi vya mama natuma kwa S.L.P. ya kanisa, jina la mtu mzima, namba yake ya simu naiandika mara mbili. Na kama kulikuwa na betri za lithiamu zimelala pembeni, nje ya kifaa, hizo haziruhusiwi kwenye posta ya nje, wakizikuta mzigo unakaa. Ndiyo maana nauliza CN22 au CN23, huko ndiko unakoeleza kilichomo na thamani yake.

---

Mndali, Oslo

Tukuyu na darubini wapi na wapi? Mvua karibu mwaka mzima, na ikikatika mvua kuna ukungu. Ungemnunulia mwavuli.

---

Mwalimu mstaafu, Minnesota

Ndaga fijo kwa barua ya huyu kijana. Nimeisoma mara tatu. Mambo ya TIN siyajui, niliondoka nyumbani kabla hayajaanza, ila hawezi kukaa na maswali kifuani huku nyie mnabishana mihuri. Mfikishie haya.

Nyota iko mbali mno, kwetu ni kitone tu. Nuru ya kitone ikipita kwenye hewa yenye joto na baridi inayovurugika, inayumbishwa, ndiyo inametameta. Zuhura iko karibu, jichoni ni kiduara kidogo sana lakini ni kiduara. Upande mmoja ukififia mwingine unang'aa, jumla inatulia. Akipata hiyo darubini ataona kiduara chenyewe, tena kuna miezi kinakuwa hilali kama mwezi mchanga. Asiielekeze juani kamwe, hata kwa mzaha. Jicho halina kipuri.

Tarumbeta: mwambie mwalimu wa bendi amwache mtoto. Kwenye nyuzi 20 sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 5 ni kama 334. Bomba ni lile lile, sauti ndani yake inakwenda polepole, basi noti inashuka. Aipulizie pumzi tupu dakika tano kabla ya ibada. Sisi bendi ya Kimoravian, asubuhi za mwezi wa saba, tulikuwa tunazificha ndani ya makoti njia nzima, unafika kanisani kifua kimeganda lakini noti iko sawa. Nililipigia kanisa miaka kumi na moja. Hapa Minnesota kuna siku nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, tarumbeta nimeitundika ukutani.

Kimondo hilo ni swali zuri kuliko yote, maana hata mimi nililiuliza nikaambiwa nikae chini. Kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka. Shimo kama lilikuwepo limefukiwa na mvua na udongo. Pale Ndolezi chenyewe kilikuwa kimezama, kinaonekana mgongo tu, hadi 1930 alipokuja mpima ardhi kutoka Johannesburg, baadaye wakachimba kukizunguka. Kuna kingine Namibia, Hoba, tani kama 60, nacho hakina shimo. Jiwe lake la tope halikupunguzwa mwendo na hewa njiani, ajaribu kuliwaza hilo.

---

Mndali, Oslo

Mwalimu shikamoo. Kimondo cha Mbeya kina tani 12.

---

Mnyiha, Coventry

Kwanza si cha Mbeya. Kiko Mbozi, na Mbozi ni Songwe tangu 2016. Kila mwaka tunarudia hili. Pili, 12 ni ya shule ya msingi, siku hizi vitabu vinaandika 16.

---

Mndali, Oslo

Kwani kilipoanguka kulikuwa na mkoa wa Songwe?

---

Mnyalukolo, Hamburg

Wa Mbeya bishaneni na chuma chenu. Mwambieni kijana habari za Mpemba, mwanafunzi wa Iringa aliyegundua kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji baridi.

---

Mama Atu, Reading

Wa Iringa? Erasto Mpemba aliliona hilo 1963 akiwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, Tanga huko Lushoto, wakitengeneza aiskrimu ya maziwa. Aliogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yangali ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mkwawa Iringa alikuja baadaye. Hapo ndipo alipomuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar kuja kuhutubia, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kujaribu, 1969 wakaandika pamoja. Kwa hiyo Iringa ndiko alikochekwa.

---

Mnyalukolo, Hamburg

Lakini swali liliulizwa Iringa.

---

Mwalimu mstaafu, Minnesota

Na bado linabishaniwa. 2016 watafiti wa hapo hapo Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Mtoto asiamini Mpemba wala hao, apime mwenyewe.

---

Mjomba, Leicester

Mwalimu, ndaga. Nimemsomea yote kwa simu, alikuwa ananakili, ananiambia "rudia hapo kwenye hilali".

La Mpemba ameshalijaribu. Alipanga vikombe viwili kwenye friza la mama muuza maji ya barafu, akafunga mfuniko, akakaa mlangoni na saa ya Bibi. Kila dakika kumi anafungua achungulie. Yule mama akahesabu alivyofungua, akamfukuza. Mara ya pili umeme ulikatika saa mbili usiku. Kwenye daftari ameandika: "Jaribio la 2. Matokeo: TANESCO."

Ugonjwa wenyewe aliupata Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipobaki pete. Ana miaka sita, marehemu baba alimpandisha kwenye Hiace alfajiri, akamweka begani na kioo cha fundi wa kuchomelea. Baba alikuwa mtu wa chai na ng'ombe, hakuwa na habari na sayari. Lakini aliniambia kuku walianza kurudi bandani mchana, na mtoto hakulia, alisema tu "Babu, nani ameliziba?"

Naomba turudi kwenye jina la mpokeaji.

---

Mnyiha, Coventry

Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14 tu, wengine mtajipofusha.

Kaka, shule yake haina maabara? Enzi za Kikwete kila shule ya kata iliagizwa ijenge maabara tatu. Mtendaji alipita na daftari mpaka kwa mama yangu, asiye na hela alitoa kuku. Shule ingeandika barua yenye mhuri kwamba darubini ni ya kufundishia, habari ya bunduki ingeisha.

---

Mjomba, Leicester

Maabara ya fizikia ipo. Imejaa madawati mabovu. Mkuu wa shule ni mtu mwema, barua ataandika, ila anasema akiandika darubini ni ya shule, basi itakuwa ya shule.

---

Mndali, Oslo

Hapo ndipo wanapotuchosha. Hela za kila mwezi zikitumwa ni "ndugu zetu wa ughaibuni". Ukimtumia mtoto kioo cha kuangalia mwezi umekuwa mfanyabiashara. Wangetupa uraia pacha tu kila mtu apokee mzigo wake

---

Mama Atu, Reading

Msianze uraia pacha. Nawaomba. Mara ya mwisho tulipoteza watu wanne humu.

---

Mwalimu mstaafu, Minnesota

Nyie mmenikumbusha mbalaga. Kuna mtu anajua wapi Minneapolis wanauza ndizi mbichi zisizo za kukaanga? Hizi za hapa ukichemsha zinabaki ubao.

---

Mnyalukolo, Hamburg

Mwalimu, tafuta duka la Waganda, lazima lipo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndio hutaupata, huo nimeshakata tamaa.

---

Mjomba, Leicester
Alhamisi, saa 1:40 asubuhi

Jana wamempigia Bibi tena. Safari hii akawaambia darubini ni ya kuangalia Zuhura. Wakamuuliza Zuhura ni nani, na kama ana NIDA.

Nauliza kwa mara ya mwisho. Kuna aliyewahi kubadilisha jina la mpokeaji mzigo ukiwa umeshafika Dar?

---

Mama Atu, Reading

Kaka hujanijibu. CN22 au CN23?