Mjadala: Ugaidi wa kibayolojia (kueneza vimelea vya magonjwa kwa makusudi), hospitali ianzie maabara au mavazi kinga?

Daktari wa Dharura (mtoa hoja): Tuchukue hospitali ya rufaa ya mkoa yenye fedha ya jambo moja tu mwaka huu: kununua mavazi kinga, au kuotesha damu saa 24, yaani kuweka damu ya mgonjwa kwenye chupa maalumu ili bakteria zilizomo zikue na zitambulike. Nachagua kuotesha damu. Barua zenye vimelea vya kimeta (anthrax) zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliambukiza watu 22, wakafa 5. Mgonjwa wa kwanza, Florida, aligundulika kwa sababu maji ya uti wa mgongo yalitazamwa kwenye hadubini, zikaonekana bakteria zenye umbo la fimbo. Washington, mfanyakazi wa posta alifika idara ya dharura akaruhusiwa kurudi nyumbani. Aliporejea alikuwa mahututi, akafa. Vazi gani lingemwokoa?

Muuguzi, Udhibiti wa Maambukizi: Daktari, kimeta hakiambukizi kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, ndiyo maana mfano wako unakubeba. Weka Marburg badala yake, homa ya kirusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Kagera mwaka 2023 walipatikana wagonjwa 9, wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwemo. Majibu ya maabara hufika wakati mtu wa mapokezi ameshamshika mgonjwa.

Tena tusinunue tu, tufundishe kuvua. Wengi huvaa vizuri. Hatari iko kwenye kuvua, miwani imejaa ukungu, jasho linatiririka, mkono unapanda usoni wenyewe. Awepo msimamizi anayesoma hatua kwa sauti, mvuaji asikimbie mbele yake. Gauni likunjwe nje iende ndani, barakoa iachwe mwishoni, ishikwe kwa mikanda ya nyuma tu, na mikono isafishwe kila baada ya hatua.

Mtaalamu wa Maabara: Nipo na daktari, ila kuotesha damu usiku hakuna maana kama wodini wanaanza antibiotiki kwanza. Damu ichukuliwe kabla ya dozi. Baada ya dozi, hata moja, chupa inaweza isioteshe chochote, na mgonjwa akabaki na jina la "nimonia".

Kosa jingine ni letu wenyewe. Bakteria za jamii ya *Bacillus*, ambamo kimeta kimo, zikiota kwenye sahani ya maabara, mara nyingi huandikwa "uchafu wa ngozi" na sahani inatupwa. Ikiwa mgonjwa ana homa kali na eksirei inaonyesha sehemu ya katikati ya kifua imetanuka, usitupe. Funga sahani, usiinuse, kazi yote ihamie kwenye kabati la usalama linalozuia vimelea kusambaa hewani, kisha pigia maabara ya taifa.

Na tusijifanye kimeta ni kitu cha Wamarekani. Ngorongoro na Kilimanjaro kinajulikana. Kidonda cheusi kwa aliyechuna ng'ombe aliyekufa kibudu ni jambo la kawaida. Kimeta cha mapafu kwa karani wa mjini asiyegusa mifugo, hapo ndipo simu ipigwe kwa polisi pia.

Mfamasia: Mnasahau dawa. Waliovuta vimelea vya kimeta hunywa antibiotiki ya doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 60. Watumishi 500 ni vidonge 60,000. Hakuna stoo ya mkoa yenye akiba hiyo, na mkiifungia kabatini itakwisha muda. Iingie kwenye mzunguko wa kawaida: ya zamani itoke kwanza, kiwango cha chini kisiguswe. Marekani wengi hawakumaliza siku 60, kwa hiyo pangeni pia nani atawafuatilia.

Muuguzi, Udhibiti wa Maambukizi: Na ndui, kirusi kingine kinachohofiwa kutumiwa na magaidi? Tuchanje watumishi mapema?

Daktari wa Dharura: Hapana. Marekani ilijaribu Januari 2003, ikilenga wahudumu wa afya wapatao 500,000. Mwaka ukaisha hata 40,000 hawajafika. Misuli ya moyo ilivimba kwa baadhi ya waliochanjwa, na sheria ya fidia kwa walioumizwa na chanjo ilipitishwa Aprili, kampeni ikiwa imeshaanza. Chanjo ikitolewa ndani ya siku 3 au 4 baada ya kukutana na mgonjwa bado inasaidia. Bora orodha ya watakaochanjwa siku hiyo, na chumba cha wagonjwa chenye madirisha pande mbili ili hewa ipite.

Muuguzi, Udhibiti wa Maambukizi: Madirisha nakubali. Mavazi bado sijakubali, mpaka mtaalamu wa maabara aseme majibu ya awali ya chupa hutoka baada ya saa ngapi.

Mtaalamu wa Maabara: Kwa kimeta, mara nyingi ndani ya saa 24. Kwa Marburg chupa haioti kitu, ni kirusi, sampuli inasafirishwa. Kwa hilo dada una haki: seti za mapokezi zinunuliwe kwanza.

Daktari wa Dharura: Seti za mapokezi tu, si za hospitali nzima. Fedha zinazobaki ziende kwenye chupa za kuotesha damu.