Waingereza walishindwa na karanga Kongwa, sisi wengine tutaziweza?

Binti_Marangu
Habari za jioni wakuu. Mume wangu kahamishiwa Kongwa, mkoa wa Dodoma, kikazi, tunahama na watoto shule zikifungwa. Sasa kila ninayemwambia naenda Kongwa anacheka, "ahaa, kule Waingereza walikoshindwa na karanga", hata fundi anayenishonea nguo kasema hivyohivyo. Mimi nimekulia Marangu kwenye migomba na mifereji, sehemu kavu sijawahi kuishi, na nina mpango wa kukodi heka mbili tatu nilime alizeti na hizohizo karanga maana kukaa tu nyumbani siwezi. Swali langu, hiyo ardhi ni mbovu kweli au ni stori za watu tu? Na kama mzungu na matrekta yake alishindwa, mbona Wagogo nasikia wanalima karanga miaka yote? Na maisha ya pale kwa ujumla yakoje. Wenyeji naombeni mnieleweshe.

dereva_wa_noa
Karibu Kongwa dada, beba mafuta mengi ya kujipaka na ndoo za maji 😂😂

babu_mbuyu
Mbukwenyi nyote. Huyo wa juu muache, ngoja nikujibu mwanangu maana hiyo stori watu wanaisimulia nusunusu.

Baada ya Vita ya Pili kule Uingereza chakula kilikuwa bado cha kupimiwa, mafuta ya kupikia shida. 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika kuna mapori yamekaa bure, yalimwe karanga. Ikatumwa timu ya bwana Wakefield kuja kukagua, wakakaa wiki chache tu na sehemu kubwa ya nchi waliiangalia kutoka kwenye ndege. Ukiwa juu unaona tambarare imelala vizuri unasema hapa ni trekta tu. Wakapanga ekari zaidi ya milioni 3 kwa pauni kama milioni 25, Kongwa ikaanza, halafu Urambo na Nachingwea.

1947 kazi ikaanza. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi yaliyobaki kwenye vita, mengine yalikuwa vifaru kabisa vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta. Reli ikatolewa Msagali kwenye Reli ya Kati mpaka Kongwa kuleta vyuma. Wakakutana na pori letu sasa, miiba, mizizi imejisuka chini huko, mibuyu usiyoweza kuing'oa, nyuki ndani ya mibuyu. Wakaleta minyororo ya meli wanafunga kati ya trekta mbili zinavuta kwa pamoja kulaza miti. Miti ililala, tatizo mizizi ilibaki chini na ikawa kazi yake kuvunja majembe. Mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar wakagoma na mgomo ukasambaa na reli mpaka kwa vibarua wa Kongwa. Walitaka ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakapanda kama 7,500.

Hapo bado udongo haujasema. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, ukipata mvua unalimika vizuri tu, mvua ikikata jua likaukausha unakuwa sakafu. Na karanga unaijua, ua likishachavuka kikonyo kinashuka kinaingia chini ya ardhi ndiyo kinazaa. Sasa ardhi ikiwa ngumu kikonyo kinaingilia wapi? Na hata zilizozaa mashine ikipita kuvuna maganda yanabaki chini yamekamatwa. Wakasema basi tujaribu alizeti, ukame ukaipiga nayo. Januari 1951 serikali yao ikafunga mradi, hasara zaidi ya pauni milioni 35, hela ya enzi hizo.

Kwa hiyo ardhi siyo mbovu, ila haitaki haraka na haitaki kulimwa yote kwa mpigo. Babu zetu mtama na uwele ndiyo chakula, karanga unapanda kipande pale penye kichanga, mama zetu ndio walikuwa wanajua wapi pana kichanga, na unang'oa udongo ukiwa bado na unyevu. Wale wataalamu hawakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua, na wazee waliokuwa wamekaa chini ya mibuyu hapohapo hakuna aliyewauliza kitu. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo kuliko hata hizo pauni.

kijana_kibaigwa
Mzee kamaliza. Mimi niongezee ya shambani maana nalima huku na nauza mazao soko la Kibaigwa.

Dada kwanza sahau Marangu kabisa. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa mwaka kwenye Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na katikati hapo, Januari mwishoni au Februari, inaweza kukata wiki nzima au zaidi jua linawaka kama haijawahi kunyesha. Hicho kipindi ndicho kinachoua watu. Ukiwa umepanda mahindi ya muda mrefu yanabebesha hapohapo jua linaingia, umeisha. Milima ya Kiboriani unayoiona upande wa Mpwapwa ina ukijani wake, usidhani na bondeni mvua ni hiyohiyo.

Alizeti inavumilia, ndiyo maana wengi tumehamia huko, na mashine za kukamua zipo. Karanga chukua mbegu ya muda mfupi, ulizia Pendo, ilitolewa na watu wa utafiti wa Naliendele kule Mtwara. Usichukue za kutafuna sokoni ukapanda, zinachanganywa hizo. Panda mvua za kwanza kabisa zikishalowesha vizuri, usisubiri mwenzio aanze.

Na kitu kimoja watu hawakwambii, SUMUKUVU. Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa sababu ya chakula chenye sumukuvu, siyo utani. Karanga iliyopigwa na ukame halafu ikachelewa kung'olewa, ganda linapasuka kuvu anaingia. Ukivuna usianike chini kwenye vumbi, tandika turubai, na zile zilizosinyaa au zimebadilika rangi tupa, usisage uji wa mtoto ukasema ni hasara kutupa.

Binti_Marangu
Jamani asanteni sana, babu umenifungua macho, yaani mimi nilijua ni kichekesho tu cha mitandaoni. @kijana_kibaigwa sasa Kibaigwa na Kongwa ni sehemu moja au? Mume wangu kasema Kongwa mjini. Na shule za watoto, maji, watu wake wakoje?

kijana_kibaigwa
Hapana dada, wilaya moja ila miji miwili. Kibaigwa ipo barabara kuu ya Dodoma - Morogoro, mahindi, malori na kelele. Kongwa mjini unaachia lami ya Morogoro pale Mbande unakata kuelekea Mpwapwa. Kumepoa, maofisi ya wilaya yapo huko. Ukitaka hela njoo Kibaigwa, ukitaka usingizi kaa Kongwa.

dereva_wa_noa
Hapo kwenye usingizi kasema kweli

nesi_mstaafu
Mwanangu karibu. Mimi nimefanya kazi wilaya ile miaka mingi, nikuongezee ambalo vijana hawatakwambia kwa kuwa una watoto. Angalia macho yao. Kongwa vikope, yaani trakoma, imewatesa watu vibaya, mpaka watafiti walikuja kuanzia miaka ya 1980 wakaweka mradi pale kwa ajili ya ugonjwa huo tu. Chanzo ni maji kuwa machache, mtoto anakaa na tongotongo, nzi anatua kwa huyu anahamia kwa yule. Nimeona bibi kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho, anajing'oa mwenyewe kwa kibanio. Siku hizi hali ni nzuri kuliko zamani lakini tabia ya kunawisha watoto uso asubuhi na jioni usiiache, kopo moja la maji linatosha. Nunua tenki au hata mapipa, kinga maji ya mvua wakati wa masika.

Watu wake hawana neno. Wagogo wengi, na Wakaguru wapo, Wamasai na ng'ombe zao, na wageni kama nyie. Ukialikwa kwenye sherehe nenda, usijifungie ndani. Wamama wakipiga ngoma ya muheme utasahau habari ya vumbi. Na mlenda ujifunze kupika mapema kwa jirani, utaheshimika 😊

mwanahistoria_wa_kijiweni
Nyie mnazungumzia karanga tu mnamuachia mgeni asijue jambo kubwa kuliko yote. Wazungu walipoondoka yale majengo yao na eneo la stesheni havikukaa bure. Kuanzia miaka ya 1963 na 1964 serikali ya Mwalimu ikawapa wapigania uhuru kuweka kambi Kongwa. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe, wote pamoja kwenye kamji haka haka. Samora Machel wa FRELIMO kapita pale, Chris Hani wa ANC kapita pale. Wale wapiganaji wa SWAPO walioanzisha vita Namibia 1966 walitokea Kongwa. Na makaburi ya wenzao waliofia pale yapo mpaka leo, ukifika mwambie mumeo awapeleke watoto. Watu wanachekea karanga, wakati Kusini mwa Afrika wazee wanaitaja Kongwa kwa heshima.

babu_mbuyu
Umesema kweli kijana. Hata ranchi ya ng'ombe ni urithi wa lile shamba, sehemu waliyosafisha ikaja kuwa malisho, na kuna kituo cha utafiti wa malisho wanauza mbegu za nyasi. Nyasi zimekubali vizuri kuliko karanga zao.

Binti_Marangu
Nimeshaanza kuipenda kabla sijafika. La mwisho, shamba la kukodi napataje bila kuibiwa? Huku kwetu nimeshasikia mtu mmoja shamba lake limekodishwa kwa watu watatu.

kijana_kibaigwa
Yapo hayo na huku pia. Usikodi kwa simu hata siku moja. Njoo kabla ya Oktoba maana ikifika Novemba mazuri yote yameshachukuliwa na bei imepanda. Zungukia shamba kwa miguu, beba jembe, chimba kidogo sehemu mbili tatu, ukikuta jembe linaruka kama umepiga tofali na ulitaka karanga, achana nalo hilo, ni la alizeti au mtama. Uliza majirani wa shamba mwenye nalo ni nani kabla hujamuuliza yeye mwenyewe. Mkishaelewana muende ofisi ya kijiji muandikishane mbele ya mtendaji na mwenyekiti, mashahidi wasaini, na mipaka iandikwe, mti gani mpaka mti gani. Na uliza kabisa kama ng'ombe wanapitishwa hapo wakienda majini, maana ukilima kwenye njia ya ng'ombe utagombana na kila mtu halafu mwenye makosa uwe wewe.

dereva_wa_noa
Siku ya kuhama nitumie ujumbe dada, Noa ipo, bei ya mgeni tutaongea 😂