Neno “crane” la Kiingereza: ndege, winchi au shingo?

Muulizaji:
Ndugu wanajukwaa, ninatafsiri hadithi ya Kiingereza na neno “crane” limenitatiza. Mara ya kwanza limetajwa pamoja na bandari na makontena, nikaelewa kuwa ni winchi. Lakini kurasa chache mbele, mtoto aliyezibwa na migongo ya watu wazima anaelezwa kuwa “craned his neck”, ilhali kamusi yangu inanipa korongo tu, yule ndege. Je, maana hizi zina uhusiano, au zimekutana kwa bahati?

Mchangiaji wa kwanza:
Ni neno moja, ndugu yangu, na asili yake ni ndege. Mtazame korongo anaposhtukia jambo majanini: miguu haisogei, kiwiliwili kimetulia, shingo peke yake ndiyo inayopanda. Mtoto wako anafanya vivyo hivyo, kwa hiyo “alinyoosha shingo apate kuona” inatosha, na korongo hana haja ya kutajwa. Mashine nayo ilipewa jina hilo kwa ajili ya mkono wake mrefu, unaoinama kuchukua mzigo kisha ukainuka nao. Wagiriki wa kale walikwisha kuliona hilo, kwani “geranos” kwao alikuwa korongo na pia chombo cha kuinulia mizigo. Wafaransa hadi leo huviita vyote viwili “grue”. Sisi hatukumpa korongo kazi hiyo, ingawa gari la vita lenye deraya tuliliita kifaru.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza jambo ambalo hunifurahisha kila nilikumbukapo. Neno “pedigree”, yaani nasaba, limetokana na Kifaransa cha zamani, “pied de grue”, mguu wa korongo, kwa sababu mistari mitatu iliyochorwa kwenye chati za ukoo ilifanana na alama ya vidole vya ndege huyo.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Mwishoni mwa hadithi yupo pia “crane fly” aliyetua ukutani. Je, nimwite nzi?

Mchangiaji wa kwanza:
Usimwite nzi, maana msomaji atamwona mdudu mwingine kabisa. Huyo anafanana na mbu mkubwa, na safari hii kilichoazimwa kwa korongo ni miguu mirefu, myembamba, wala si shingo. Andika “mdudu wa miguu mirefu mfano wa mbu”, lakini usiishie kwenye “mbu” peke yake, kwa kuwa huyu hamuumi mtu wala hanyonyi damu.